Riwaya Kutoka Mkono hadi Mkono

Riwaya nyingi za Kiswahili humfikia msomaji kwa mkono wa msomaji mwingine. Aliyeimaliza jana humpa jirani, dada yake, mwenzake wa bwenini au wa ofisini, pamoja na maneno machache: "Hii usiianze usiku kama kesho una kazi." Maneno hayo ndiyo tangazo, ndiyo uhakiki, na mara nyingi ndiyo duka lenyewe. Duka la vitabu katika mji wa wilaya, pale lilipo, huuza daftari, kalamu, vitabu vya kiada na miongozo ya mitihani. Riwaya zilizomo ni zile zinazosomwa darasani. Magazeti huandika kwa nadra juu ya riwaya mpya, na wachapishaji, ambao pato lao kubwa hutoka shuleni, hawana fungu la kutangaza kitabu kisichotahiniwa. Ndiyo maana ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, haisimami mbele ya riwaya. Riwaya nzuri iliyofungiwa kabatini haijiuzi. Hutembezwa, na anayeitembeza ni yule aliyeipenda.

Kiswahili chenyewe kimeiweka shughuli hii katika kitenzi kimoja. Kuazima ni kutoa na ni kupokea pia: anayesema "niazime hicho kitabu" anaomba, na anayesema "nimekiazima kwa mama mdogo" amekwisha kupokea. Wanaotaka kupambanua husema kuazimisha kwa upande wa mwenye mali, lakini katika mazungumzo ya kila siku neno moja linatosha pande zote mbili. Kwa wapenzi wa riwaya jambo hilo limekaa sawa kabisa, kwa sababu anayeomba leo ndiye atakayeombwa kesho. Maneno yao mengine nayo ni ya kazi. Kitabu huwa "kimenoga", au mtu "amekesha nacho". Anayeanza kusimulia sana hukatizwa: "Basi, usinimalizie uhondo." Na kitabu kinachotakiwa na wengi kina foleni, swali la kwanza likiwa nani yuko mbele.

Nakala iliyopita mikono mingi hujulikana kwa kuitazama tu. Jalada limeng'oka, na mahali pake pamewekwa ukurasa wa gazeti au kipande cha boksi kilichoshonwa kwa uzi mnene. Ukurasa wa kwanza una majina matatu au manne ya wamiliki, kila mmoja kamkata wa kabla yake kwa mstari. Pembeni pana doa la mafuta ya taa, na juu kidogo duara la kahawia lililoachwa na kikombe cha chai. Sentensi moja imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu na mtu asiyejulikana, na msomaji wa baadaye ameandika ubavuni "kweli kabisa". Kurasa za katikati zimelegea. Na mara nyingine, kwa bahati mbaya isiyosameheka, kurasa nne za mwisho hazipo. Katika riwaya ya upelelezi hilo ni pigo, maana humo ndimo muuaji anamotajwa. Hapo msomaji hana budi kumtafuta aliyekisoma kabla yake ili ahadithiwe mwisho kwa mdomo, na kitabu hurudi kuwa ngano.

Kurudi huko si jambo geni. Katika nchi za Waswahili hadithi ilikuwa mali ya waliokusanyika kabla haijawa mali ya anayesoma peke yake, na riwaya ilipoingia ilizikuta taratibu hizo za kupokezana zipo. Mnamo 1929 zilitoka tafsiri mbili za Frederick Johnson, Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilizowaonjesha wanafunzi hadithi ndefu ya visa na mikasa. Mwaka 1934 kikafuata Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Kisha akaja Shaaban Robert na Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ambayo wengi waliisoma kwa sauti ili wengine waisikie.

Lakini kitabu kilichowafundisha wasomaji wa Kiswahili kusubiriana ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, kikachapishwa 1960. Ndani yake alizaliwa Bwana Msa, mpelelezi asiye na haraka, kiko mdomoni, akili ikichambua kile ambacho wenzake wamekwisha kukiita kazi ya mizimu. Kikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Mfululizo wa namna hii una nguvu ya pekee katika kuazimana, kwa kuwa anayemaliza kimoja tayari anatafuta mwenye cha pili. Msomaji wa Tanga mwenye Siri ya Sifuri na msomaji wa Mombasa mwenye Kisima cha Giningi wana sababu ya kujuana hata kama hawajawahi kuonana.

Kwa upande wa Bara, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, na jasusi wake Willy Gamba akawa jina la mtaani. Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango, Hammie Rajab na Kajubi Mukajanga wakaongeza vyao, na tangu miaka ya 1970 Dar es Salaam ikawa na riwaya za kusisimua za kutosha kumshughulisha kijana likizo nzima. Vingi vilikuwa vitabu vyembamba, vya kukunjwa na kutiwa mfukoni. Umbo hilo liliwasaidia sana wasomaji wa bweni. Kitabu cha kurasa 120 huingia ndani ya kitabu cha Jiografia bila mwalimu wa zamu kukiona, na hata kikigawanywa vipande vitatu kwa wembe, wanafunzi watatu huweza kusoma usiku mmoja, mmoja akianza mwanzo na wa tatu akiwa amekwisha kujua mwisho. Foleni huandikwa nyuma ya daftari. Saa ya prepo mmoja humnong'oneza mwenzake, "Shoga, zamu yangu lini?" naye hujibu kwa kuonyesha vidole viwili: siku mbili, au watu wawili, vyovyote iwavyo ni kusubiri. Taa zikizimwa, tochi huwashwa chini ya blanketi.

Walimu wa fasihi wamezigawa riwaya katika makundi mawili: riwaya pendwa, za mapenzi na upelelezi, na riwaya dhati, zenye uzito wa fikra. Mgawanyo huo una faida darasani, lakini umeleta hasara nje ya darasa, kwa maana baadhi ya watu wameuchukua kuwa ngazi ya heshima, wakawadharau wanaosoma Musiba. Hilo ni kosa. Wasomaji wengi wa riwaya dhati za Euphrase Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed walizoea kumaliza kitabu kizima kwa sababu ya Willy Gamba. Mazoea ya kukaa na kurasa mia mbili bila kuchoka hayapatikani kwa kuamriwa. Hupatikana pale mtu anapotaka kujua nani kaua. Anayemnyang'anya kijana riwaya pendwa ili ampe riwaya dhati kwa kawaida hubaki na kijana asiyesoma yoyote.

Kuna njia nyingine ambayo imezitembeza riwaya kuliko sifa, nayo ni katazo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Inamhusu Rosa, binti wa Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi mwenyewe, aliyelelewa chini ya ukali wa baba na kisha kutoka kwenda kusoma bila kufundishwa lolote kuhusu dunia inayomngoja. Kezilahabi aliyasema mambo ya mwili bila kuyafunika, na kitabu kikazuiwa shuleni. Matokeo yakawa yale yale yanayotokea kila mahali kitabu kinapozuiwa: kilisomwa. Wasichana walikipokezana kikiwa kimevikwa jalada la kitabu kingine, na wavulana wakakitafuta kwa sababu walizozijua wao wenyewe, wengi wakishangaa kukuta humo huzuni badala ya walichokitarajia. Baadaye kiliruhusiwa, kikaingia katika orodha za vitabu vya shule, na leo ni mojawapo ya riwaya zinazotajwa kwanza kila inapoulizwa mtu aanze na ipi. Mwisho wa Rosa hautatajwa hapa.

Kupendekeza riwaya kuna ustadi wake, na wenye ustadi huo hawaanzi kwa kukisifu kitabu. Huanza kwa kuuliza: ni kipi cha mwisho ulichokimaliza, na ulikipendea nini? Jibu la sehemu ya pili ndilo lenye kazi. Wasomaji wawili wanaweza kumpenda Bwana Msa kwa sababu tofauti kabisa. Mmoja anapenda fumbo, jinsi uzi mmoja mdogo uliosahauliwa katika sura ya pili unavyofungua kila kitu mwishoni. Huyo apewe Simu ya Kifo, kisha Mtobwa. Mwingine hakujali sana muuaji. Alichokipenda ni Unguja yenyewe, maongezi ya watu, adabu na hila zao, Kiswahili kinachotiririka. Huyo akipewa hadithi ya risasi na magari atairudisha siku ya pili kwa heshima na hataomba tena. Kinachomfaa ni Mohamed Suleiman Mohamed, Kiu (1972) na baadaye Nyota ya Rehema (1976), kisha Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, ambamo Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na babake Bwana Maksuudi, anautafuta uhuru katika mahali ambapo haupo.

Msomaji wa tatu atasema alivutwa na historia, kwamba alitaka kujua Zanzibar ilikuwaje. Mlango wake ni Shafi Adam Shafi, na kwa mwandishi huyu mpangilio wa kusoma una maana kubwa. Kuli (1979) inaanzia bandarini, kwa wachukuzi na mgomo wao wa mwaka 1948. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), iliyochapishwa mwaka mmoja kabla yake, inamwonyesha bwana shamba na watumishi wake hadi Mapinduzi ya 1964. Vuta N'kuvute (1999) inarudi katika miaka ya mwisho ya ukoloni: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Bwana Raza, anatoroka ndoa na kukutana na Denge, kijana wa harakati. Haini (2003) ni ya jela na mateso ya baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Anayeanza na Haini hukutana na giza kabla ya kujua ni nyumba gani iliyozimwa taa. Afadhali aanze na Vuta N'kuvute, ambayo ina mapenzi, ucheshi na rafiki kama Mwajuma ambaye msomaji hutamani awe jirani yake, kisha arudi nyuma bandarini, na Haini aiache ya mwisho.

Kwa Kezilahabi jambo hili ni zito zaidi. Baada ya Rosa Mistika aliandika Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), riwaya ambazo zinahitaji utulivu lakini zina watu, mahali na mkasa wa kushikika. Kisha mwaka 1990 akatoa Nagona, na 1991 Mzingile. Vitabu hivyo viwili ni vyembamba sana, na wembamba huo umewaponza wengi. Mtu huviona rafuni, hudhani ni vya kuanzia, na ndani hukuta ndoto, mafumbo, mazungumzo na wanafalsafa waliokufa, na njia isiyo na alama. Waliopewa Nagona kwanza wamewahi kuapa kwamba Kezilahabi si wa kwao. Waliofika kwayo baada ya Kichwamaji, wakiwa wameuzoea moyo wa mwandishi unaouliza maana ya kuishi, mara nyingi huisoma mara mbili. Kosa halikuwa la kitabu wala la msomaji, bali la aliyependekeza bila kuangalia anampa nani.

Lugha nayo ni jambo la kuonywa mapema. Riwaya za Unguja na Pemba zimejaa maneno ambayo msomaji wa Bukoba, Eldoret au Kigoma hajayasikia nyumbani, na katika kurasa 20 za kwanza anaweza kujiona mgeni katika lugha anayoiita yake. Mpendekezaji mwema humwambia hivyo waziwazi: vumilia mwanzo, usikimbilie kamusi kwa kila neno, mengi yatajieleza kwa muktadha, na yale matatu au manne yanayorudi rudi ndiyo ya kutafuta. Onyo dogo la namna hiyo limeokoa riwaya nyingi zisirudishwe zikiwa zimesomwa hadi ukurasa wa 15.

Na ni kiasi gani cha kusimulia? Hapa kanuni si moja kwa vitabu vyote. Riwaya ya Bwana Msa inasimama juu ya jambo lisilojulikana. Anayelitaja amemnyima mwenzake kitabu kizima, hata kama kitabu bado kimo mkononi mwake. Kusadikika haina hofu hiyo. Mtu anaweza kuambiwa kila kitu, kwamba ni nchi iliyo angani, kwamba Karama ameshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, kwamba utetezi wake ni kisa cha wajumbe sita waliotumwa pande zote na kurudi na mema ambayo watawala waliyakataa, na bado asome kwa hamu, maana utamu wa Shaaban Robert umo katika namna ya kusema. Mpendekezaji mzoefu hujua kitabu gani kina siri na kipi kina sauti. Cha siri hukitaja kwa mwanzo wake tu. Cha sauti hukifungua popote na kukisoma aya moja kwa sauti, kisha hunyamaza.

Yapo pia maneno ya upande wa pili, ya kusema kitabu si kizuri, na hayo Waswahili wengi huyaona magumu. Adabu humfanya mtu aseme "si mbaya" au "kinasomeka", hasa mwandishi akiwa mtu wa karibu. Lakini anayekiita kila kitabu kizuri mwishowe haaminiwi. Katika kila kundi la wasomaji huwapo mmoja ambaye sifa zake ni chache, anayethubutu kusema kwamba mwandishi kakimbiza mwisho au kwamba wahusika wote wanaongea kwa mdomo mmoja. Huyo akisema "soma hiki", foleni huanza siku hiyo hiyo.

Shule ni msambazaji mkubwa kuliko wote, ingawa hapendekezi, huamuru. Kenya imezipitisha mikononi mwa wanafunzi wa sekondari Utengano, Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Tanzania imekuwa na Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na Vuta N'kuvute, Kufikirika na Mfadhili kwa kidato cha tano na sita. Faida yake haina shaka: Wakenya wawili waliofanya mtihani wakati Kidagaa Kimemwozea ikitahiniwa wanaweza kukutana garini wakaongea nusu saa juu ya wahusika wake, Amani, Imani na Mtemi Nasaba Bora, kana kwamba ni watu wa kijijini kwao. Hasara yake ni kwamba kitabu hufika kikiwa na maswali tayari. Mwanafunzi hutafuta dhamira tano na sifa nne za mhusika mkuu, na pale mwongozo unapouzwa kwa bei ndogo kuliko riwaya, husoma mwongozo. Wapo waliopata alama nzuri kwa Siku Njema bila kuifungua. Dawa iliyoonekana kufaa ni ya kirafiki: mtu kuirudia riwaya ile ile miaka mitano baada ya mtihani, kwa kuambiwa na mwenzake kwamba sasa, pasipo maswali, ni kitabu kingine.

Nje ya shule kuna muuzaji wa vitabu vilivyotumika. Katikati ya Dar es Salaam na Nairobi hutandaza bidhaa yake juu ya turubai kando ya njia, vitabu vya sheria pembeni ya riwaya za Kiingereza na za Kiswahili, na mara nyingi yeye ndiye mkutubi wa mtaa mzima. Mteja huchuchumaa, hupekua, huuliza, "Mzee wangu, Musiba hujapata?" na mzee hujibu bila kutazama kwamba kimeondoka jana lakini kuna Mtobwa kimoja, kakificha pale chini kwa ajili yake. Kwa wateja aliowazoea hukubali kubadilishana kitabu kwa kitabu kwa kuongeza fedha kidogo. Kumbukumbu yake ya nani anapenda nini hailingani na mashine yoyote.

Kuazimana kuna adabu zake, na wasomaji wa muda mrefu huzishika kama ibada. Kitabu cha kuazima hakiazimwi mtu wa tatu bila idhini. Hakikunjwi pembe ya ukurasa; huwekwa kipande cha karatasi. Hakilazwi kifudifudi, maana mgongo huvunjika na gundi huachia. Hakisomwi mezani pa chakula. Kikipotea hununuliwa kingine, na kama hakipatikani hutolewa kingine cha thamani kwa moyo mkunjufu, pamoja na kuomba radhi. Muda hutajwa tangu mwanzo, wiki mbili au mwezi, kwa sababu kitabu kisichopewa muda hakina kosa la kuchelewa. Walioungua mara nyingi huweka daftari: jina la kitabu, aliyekichukua, tarehe. Wengine wanaona haya kumwandika rafiki daftarini, na ndio wenye rafu zilizojaa mapengo. Daftari halivunji urafiki. Linalovunja ni kumdai mtu kitabu ambacho anaapa hakukichukua.

Simu imeongeza njia ya kupokezana na imeleta tatizo lake. Zamani msomaji wa gazeti alikata kipande cha hadithi ya mfululizo kila wiki, akakibandika daftarini hadi kiwe kitabu, huku neno "itaendelea" likimtesa. Siku hizi waandishi wengi chipukizi hutuma sura moja moja kwenye simu za wasomaji wao, na wasomaji hulipa kwa fedha za mtandao ili wapate mwendelezo. Hilo ni soko halali na limewapa wengi kipato ambacho wachapishaji hawakuwapa. Tofauti ni pale kitabu kizima kinapopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa kwa mamia ya watu. Nakala moja ya karatasi ikiazimwa inabaki moja. Aliyeitoa hanayo hadi irudi. Faili ikitumwa zinakuwa mbili, kisha mia, na mwandishi hapati chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zinamlinda mwandishi dhidi ya kunakiliwa huko, lakini mlinzi wa kweli ni msomaji mwenyewe. Mwandishi wa Kiswahili huuza nakala chache. Anayempenda kiasi cha kumpendekeza kwa watu hamsini asimwibie mbele ya watu hao hamsini.

Mara chache tuzo na filamu hufanya kazi ambayo wasomaji walikuwa wakiifanya polepole. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948 anayeandika kwa Kiingereza, alipopewa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, Waswahili wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza, wakaanza kuulizana nani ana kitabu chake. Mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, chini ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, na waliotoka ukumbini wakaenda kuitafuta riwaya kwa waliosoma kidato cha sita. Tuzo ya Safal-Cornell na Tuzo ya Mwalimu Nyerere nazo huibua majina mapya. Hata hivyo tuzo hutaja kitabu mara moja tu kwa mwaka. Baada ya hapo kitabu hurudi kwa wale wanaosema "umeisoma hii?"

Kazi yao imekuwa ya haraka kwa sababu moja ambayo haisemwi vya kutosha. Riwaya nyingi za miaka ya 1960 hadi 1980 hazichapishwi tena. East African Literature Bureau, iliyotoa Mzimu wa Watu wa Kale, Simu ya Kifo na Rosa Mistika, ilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, iliyovunjika mwaka 1977. Mashirika mengine madogo ya Dar es Salaam yalifungwa na mali zao za karatasi zikapotea. Vichache vilichukuliwa na wachapishaji wapya, vingi havikuchukuliwa. Nakala zilizobaki zimo masandukuni, juu ya makabati, katika nyumba za walimu wastaafu, na chini ya vitanda vya watu waliokwisha kusahau kwamba wanazo, Morogoro, Lamu, Muscat na hata London, walikohamia na vitabu vyao. Mwenye nakala ya namna hiyo aitoe leo, aifute vumbi, aishone jalada, aandike jina lake ukurasa wa kwanza, na ampe mtu mmoja anayejua kurudisha.